Kartie ya Jumapili

Evode Tumukunde alivaa viatu vyeupe katika mji ambao matope yake hayajawahi kumsamehe mtu. Hilo peke yake lingetosha kuwaonya watu wa Rubaya. Mwanamume anayepita kila siku kati ya wachimbaji, wabebaji wa mizigo na pikipiki bila kuchafua viatu, ama ni malaika ama hafanyi kazi. Na malaika, kwa jinsi tulivyofundishwa kanisani, hawanywi chai kwa ahadi.

Asubuhi ile alikuwa akinywa chai kwa ahadi mezani pa Astrid, muuza mandazi, wakati bahati ilipokuja ikaketi kwenye benchi la jirani. Bahati ilikuwa na tumbo kubwa, kofia ya ngozi na mke aliyekasirika.

Tumbo na kofia vilikuwa vya Papa Kanyamibwa, mnunuzi wa coltan, yale mawe ya madini, mtu ambaye nyumba yake ilisimama katikati kabisa ya mji, ukuta kwa ukuta na barabara. Mke alikuwa Joséphine-Marie.

"Mutoto wetu wa mwisho alisema neno lake la kwanza jana," alisema Joséphine-Marie.

"Mungu asifiwe! Alisema nini? Papa?"

"Alisema: Toka njiani, mujinga."

Astrid alizima kicheko kwa kupuliza moto.

"Anasikia babebaji wa mizigo tangu asubuhi," mke aliendelea. "Batoto banacheza kwenye veranda sawa kuku zenye kufungwa. Mimi nimechoka. Kama haupati pahali penye majani, penye batoto banakimbia na mimi sipigi kelele, ninarudi kwa mama yangu Kalembe. Na batoto yote."

"Na mimi?"

"Wewe utabaki na mawe yako. Yenyewe inajua kunyamaza."

Chini ya meza, kati ya gunia la makaa na ndoo ya unga, Mamy, binti wa Astrid, alikuwa amelala. Mwezi uliopita usukani wa pikipiki ulinasa gauni lake ukaenda na mfuko mzima. Tangu siku hiyo mama yake alimfunga kwa kitambaa laini kwenye mguu wa meza, akawa anaficha machozi kila asubuhi anapokaza fundo. Aliposikia neno majani, Astrid alisahau sufuria, na mandazi matatu yakawa meusi.

Evode naye aliweka kikombe chini. Sikio lake lilikuwa limesikia mlio ambao wengine hawausikii: mlio wa tajiri anayeogopa mke wake.

"Papa Kanyamibwa, munisamehe," alisema. "Nilisikia bila kusikiliza. Hamujui kama kuna kartie?"

Mpaka hapo hapakuwa na kartie yoyote, yaani mtaa wowote mpya. Ilizaliwa kinywani mwake, kati ya neno "kama" na neno "kuna", ikiwa nzima na ikilia vizuri.

"Kartie gani?" aliuliza Kanyamibwa.

"Ya familia. Iko Bihambwe, juu ya kilima. Majani mpaka macho inachoka. Pikipiki hazipandi, ni kinyume cha sheria."

"Sheria ya nani?"

"Ya kartie. Kule mutoto anaanguka mara kumi, hachubuke. Majirani banasalimiana. Ukitoka asubuhi, batu batatu banakuuliza kama ulilala vizuri. Na banangojea jibu."

Joséphine-Marie alishika kifua. "Banangojea jibu?"

"Mama, banasimama palepale."

"Na inaitwa nani, hiyo kartie?" Kanyamibwa alikuwa bado na jicho moja la mfanyabiashara.

Evode alitazama huku na huku, akamwona Mamy akikoroma kidogo chini ya meza. "Kartie Utulivu," alisema. "Jumapili nyuma ya misa, muje muone na macho yenu. Na kama muko na barafiki benye batoto, muje nao. Parcelle zimebakia chache sana."

Hapo, angalau, alisema kweli. Viwanja hivyo havikuwapo hata vichache.

*

Kuuza kitu kabla ya kukitafuta ni kazi inayohitaji imani, na Evode alikuwa mtu wa imani. Siku ya pili alikipata kilima. Kilikuwa juu ya mashamba ya Bihambwe, kijani kuanzia chini hadi ukungu unapoanza, na kileleni palisimama nyumba ndefu ya mbao yenye bati, ambayo zamani ilikuwa nyumba ya kutengenezea fromaji, yaani jibini. Mwenye kilima, mjane aitwaye Mama Niyonsenga, alihamia Goma katika ile miaka mibaya ya vita ambayo ng'ombe wa huku kwetu Masisi walikwenda wasirudi. Alimwacha Ngabo alinde majani.

Ngabo alikuwa mchungaji asiye na ng'ombe, jambo la huzuni kuliko padri asiye na waumini, kwa kuwa padri anabaki na Mungu wa kuongea naye. Ngabo alibaki na majina. Kila jioni aliwataja ng'ombe waliopotea, mmoja mmoja, na mama zao na bibi zao, na kilima kilimsikiliza.

"Mama Niyonsenga amesema Jumapili kutakuwa bageni," Evode alimwambia.

"Beko na ng'ombe?"

"Hapana, beko na batoto."

Ngabo alifikiri. "Si mubaya," alisema. "Nabo banakula na kupiga kelele."

Sasa alihitaji wakazi. Kartie bila watu ni shamba tu. Kwa hiyo alirudi mezani pa Astrid na uso wa mtu aliyeleta habari njema.

"Wewe utapanga bamama na batoto wa Bihambwe. Jumapili moja tu, bakae pale sawa benye kartie. Kila mutu atakula muchele na nyama. Na wewe, dada, parcelle ya kwanza iko yako. Ile yenye maua."

Astrid aliacha kugeuza mandazi. "Kweli, Evode?"

"Kwani nimekudanganya mara ngapi?"

"Unataka nianze na chai ao na sukari?"

Evode alicheka, kwa sababu mtu mwerevu hucheka anapokamatwa. Astrid hakucheka. Alikuwa anatazama kitambaa kwenye mguu wa meza. Alijua vizuri sana kwamba Jumapili jioni franga zikishaingia mfukoni, viatu vile vyeupe vitaonekana kwa mbali tu, vikielekea upande wa Walikale.

"Mwenye kilima anaitwa nani?" aliuliza.

"Juu ya nini unauliza?"

"Mutu akiniuliza nisikose jibu."

Akamtajia jina, na jambo hilo likamtoka akilini. Katikati ya juma Astrid alifunga meza siku moja, akasema anaenda Goma kutafuta mafuta ya bei nzuri. Evode alimsifu kwa bidii yake.

*

Jumamosi watu wa Bihambwe walifanya mazoezi kilimani.

Papa Albert, aliyekuwa zamani mwalimu wa katekisimu, alipewa kazi ya kuwasalimu wageni. Ilionekana haraka kwamba hakujua salamu fupi. Kila alipofungua kinywa alianzia kwenye uumbaji.

"Papa, sema bonjour tu," Evode alimsihi.

"Bonjour bila baraka ni kelele."

Kisha alitakiwa kuketi mlangoni, ameshikana mikono na Mama Mukandayisenga, kama mume na mke waliozeeka kwa amani. Mukandayisenga alirudisha mkono wake nyuma kana kwamba ameonyeshwa upupu.

"Na huyu? Huyu njo alikula kuku yangu!"

"Kuku ile ilikufa yenyewe," alisema Albert kwa upole wa kikatekista.

"Ilikufa ndani ya sufuria yako!"

"Ilikuwa tayari imekufa mbele ya kuingia."

"Bazazi yangu," alisema Evode, "muko na miaka arobaini ya ndoa. Muchekeane."

"Kama ningekuwa na miaka arobaini naye," alisema Mukandayisenga, "leo ningekuwa mujane."

Upande wa watoto mambo hayakuwa bora. Evode aliwaambia wacheze kwa adabu. Wakatazamana. Walijua mchezo wa kujificha, wa mpira wa majani ya migomba, wa kuteleza na chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali ambayo huku kwetu hubeba viazi, makaa na wagonjwa. Mchezo wa adabu hakuna aliyewahi kuusikia. Wakasimama mstari mmoja, wakingoja kuonyeshwa.

Evode aliwarudisha wote nyumbani kabla jua halijazama.

*

Jumapili baada ya misa wageni walifika kwa miguu, maana sheria ya kartie ilikataza pikipiki. Kanyamibwa alipanda kilima akihema kama ng'ombe mwenye mimba, na nyuma yake wakapanda marafiki zake watatu, wanunuzi wa mawe kama yeye, kila mmoja na mke, na kila mke na kundi la watoto waliofuliwa.

"Harufu gani hii?" aliuliza Kanyamibwa walipofika kwenye nyumba ya zamani ya fromaji, iliyopakwa chokaa juzi.

"Ni harufu ya batu benye kula vizuri," alisema Evode, akampitisha haraka kwenye kamba na vijiti vya mkaratusi vilivyochora vyumba kwenye majani. "Hapa salon. Hapa bazazi banalala. Hapa batoto. Simama, Papa! Umesimama ndani ya choo."

Kanyamibwa aliruka pembeni na kuomba msamaha.

Basi katikati ya utamu huo, sauti ikapasuka mlangoni. Albert, katika juhudi za kumchekea mke wake wa Jumapili, alikuwa amemwambia kwamba ile kuku, kwa kweli, ilikuwa tamu. Mukandayisenga alisimama na kumfukuza kuzunguka nyumba akiwa na mwiko, akimtajia kuku, mayai ya kuku, na vifaranga ambavyo vingekuwa vimeanguliwa mpaka sasa.

Evode alifunga macho. Alifikiri juu ya barabara ya Walikale na umbali wake.

Alipofungua, Joséphine-Marie alikuwa analia.

"Papa wa batoto," alimwambia mumewe, "unasikia? Banagombana juu ya kuku."

"Nasikia."

"Kuku tu! Na hakuna mutu ameshika panga."

Kanyamibwa alivua kofia. Wale marafiki watatu nao wakavua zao. Wanaume wazima walisimama juani wakitazama ugomvi ule mdogo, safi, wa majirani, kama watu wanaotazama picha ya nyumbani kwao wakati wa utoto.

Na watoto? Watoto walikuwa wamesahau adabu. Wa Bihambwe walivuta chukudu mbili mpaka juu ya mteremko, wa Rubaya wakakaa nyuma bila kualikwa, na wote wakashuka wakipiga mayowe, wakaanguka mafungu mafungu kwenye majani, wakainuka, wakapanda tena. Yule mdogo wa neno la kwanza alisimama katikati ya njia ya chukudu, akanyoosha mkono na kupaza sauti: "Toka njiani, mujinga!" Na chukudu ikamkwepa! Kilima kizima kikapiga makofi.

"Mimi pia nilikuwa na chukudu," Kanyamibwa alisema, polepole sana.

"Usifanye," alisema mke wake.

Alifanya. Alipanda ile chukudu kubwa na tumbo lake, koti lake na hadhi yake, akashuka kilima kwa kasi ambayo haijawahi kuonekana kwa mtu wa kilo zake, akapita kamba za salon, akapita kamba za choo, akatoweka ndani ya kichaka. Kisha kichaka kikaanza kucheka. Kilicheka kwa muda mrefu, na Joséphine-Marie, aliyekuwa ameshika mdomo, akaanza kucheka naye, akasema kwa sauti ya msichana: "Sauti hii sikuisikia tangu ndoa."

Wakati wa chai ulipofika, Evode alikuwa amekwishafungua mkoba wake wa ngozi na kuuweka magotini, ukiwa umepanua mdomo kama kinda. Astrid alizunguka na birika. Aliinama kumwongezea Joséphine-Marie sukari, na kwa kuwa sukari huchelewa kuyeyuka, aliinama kwa muda. Joséphine-Marie akamwinamia mumewe. Kanyamibwa alisikiliza, akaitikia kwa kichwa, akafunga begi lake la franga na kusimama, majani bado yakiwa kwenye nywele.

"Nilileta franga," alisema. "Lakini bibi yangu ananikumbusha vile nililelewa. Franga ninalipia mawe. Mutu aliyenirudishia batoto wangu na kicheko yangu, siwezi kumulipa sawa gunia. Evode, mwana wa Tumukunde, mbele ya batu hawa ninakupa ng'ombe. Gaju, ile ninayoipenda."

Vigelegele vilipaa. Marafiki watatu walitazamana. Nani angekubali kuonekana mdogo mbele ya mke wake? Wa kwanza akatoa ng'ombe, wa pili akatoa ng'ombe, wa tatu akatoa ng'ombe na mtamba wake. Mkoba wa Evode ulibaki umefungua mdomo bila kulishwa.

Kwa nukta moja uso wake ulianguka. Kisha akakumbuka bei ya nyama Goma, na uso ukapanda tena, juu kuliko ulipokuwa. Aliinua mikono yote miwili, akashukuru kwa sauti, akamkumbatia kila mtu.

Inafaa hapa niwaeleze kosa lake, kwa heshima yote. Kwenye milima yetu ng'ombe wa kununuliwa ni mali, lakini ng'ombe wa kupewa ni undugu. Aliyetoa na aliyepewa wanakuwa nyumba moja. Watoto wa huyu watakuja kunywa maziwa kwa yule, na harusi ya huyu haifungwi bila yule. Kumwuza ng'ombe wa namna hiyo ni sawa na kutangaza sokoni kwamba rafiki yako amekufa na wewe hukulia. Kila mchungaji anajua hivyo kabla ya kujua jina lake mwenyewe. Lakini Evode alikulia kati ya maghala na meza za chai, na ng'ombe alimjua upande wa mishikaki ya brosheti tu.

*

"Nitapeleka ng'ombe, bazee wangu bazione," aliwaambia watu ng'ombe walipofika.

"Tazama kijana mwenye adabu!" alisema Papa Albert, akamwombea safari kuanzia Abrahamu.

Alichagua Kalembe, mpakani na Walikale, soko la mbali ambako hakuna anayemjua Kanyamibwa. Ngabo alikataa kumwacha aende peke yake. "Ng'ombe haiongozwi na viatu vyeupe," alisema, akashika fimbo, na mgongo wake uliopinda kwa miaka ukanyooka.

Kila soko walilopita, wanunuzi walikuja. Gaju alikuwa mnene, wa rangi ya asali, na macho yake yalikuwa na aibu ya bibi harusi.

"Ng'ombe nzuri hii! Iko ya nani?"

Kabla Evode hajafungua kinywa, Ngabo alikuwa ameegemea fimbo. "Huyu ni Gaju," aliimba, "binti wa yule mweupe wa paji, mujukuu wa yule aliyevuka maji wakati daraja ilikatika. Kanyamibwa alimukamua na mikono yake, akamupa Evode huyu mbele ya batu, juu ya kumurudishia batoto."

Mnunuzi aliondoa mkono mfukoni kana kwamba ameshika kiwavi. "Zawadi? Na munauza?"

"Hatuuzi!" Ngabo alichukia. "Tunaenda kusalimia."

"Ngabo," Evode alimnong'oneza njiani, "hauwezi kunyamaza hata kidogo?"

"Naweza. Lakini ng'ombe itaona haya, isipotajwa."

Kufika Kalembe, viatu vilikuwa vimekuwa vya rangi ya udongo, na Evode alikuwa amebakiza tumaini moja: Papa Patient, mwindaji na mfanyabiashara kutoka misitu ya Walikale, mtu ambaye watu walisema hajali desturi za wafugaji. Patient alizunguka ng'ombe, akampiga Gaju ubavuni kwa heshima, akatoa fungu la franga. Evode alilazimika kumkanyaga Ngabo mguu ili anyamaze. Fungu lilikuwa linakuja. Lilikuwa hewani.

"Gajuuu!"

Mama mmoja mnene, mwenye kitenge cha sikukuu, alikuwa anakimbia kuvuka soko lote akipindua vikapu. Alimkumbatia ng'ombe kwanza, kisha Ngabo, kisha Evode.

Evode alikuwa amesahau neno moja dogo, lililosemwa kwenye benchi la chai. Kalembe palikuwa kwa mama yake Joséphine-Marie.

"Mwanangu! Mimi ni Hélène, mama ya Joséphine-Marie. Alinipigia simu, akasema: mama, kama huyu mutu iko na heshima ya kweli, atakuletea ng'ombe ikusalimie. Mimi nikasema, vijana ya leo? Hata kidogo! Na angalia! Na miguu!"

Patient alirudisha franga mfukoni. "Kaka, kumbe ni ya kupewa," alisema bila hasira. "Sisi batu wa pori hatujui ng'ombe. Lakini paja ambalo mwindaji mwenzako amekupa, haulipeleke soko. Ungekutwa na mabaya gani! Nimekuokoa."

"Asante," alisema Evode, kwa sauti ya mtu anayezama.

Mama Hélène alimlisha sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, na samaki mpaka akashindwa kuinama. Alimtembeza kwa majirani. Alimpeleka kanisani, akamsimamisha mbele, na mchungaji wa kanisa akahubiri juu ya vijana wenye shukrani. Mama mmoja mwenye mtoto mchanga alisema mtoto ataitwa Evode. Na asubuhi ya kuondoka, Mama Hélène alitoa mtamba mwekundu kutoka zizini kwake.

"Ng'ombe hazipande barabara ile zirudi mikono mitupu," alisema.

Hivyo ndivyo Evode Tumukunde, aliyekwenda kuuza kundi, alivyorudi na kundi kubwa zaidi, pamoja na mbuzi wawili, gunia la maharagwe juu ya chukudu, na mtoto wa ubatizo.

*

Njia nzima ya kurudi alipanga kutoroka. Atamwachia Ngabo kila kitu kwenye njia panda ya Bihambwe, atapanda pikipiki ya kwanza, atakwenda mahali ambapo hakuna hata mbuzi. Lakini kabla ya njia panda, watoto walikuwa wamewaona ng'ombe kutoka juu. Walishuka wote kama mvua ya mawe.

"Papa Evode! Gaju amerudi! Papa Evode!"

Evode alitazama njia za kukimbilia. Zilikuwa nyingi, na kila moja ilikuwa imejaa watoto.

Wakampandisha. Kilimani palikuwa na salongo, kazi ya pamoja, na kila aliye na mikono alikuwa anaitumia: hapa wanasimamisha nguzo, pale wanachimba mfereji wa maji, na Kanyamibwa mwenyewe, bila koti, anabeba mbao huku mke wake akimwelekeza vibaya. Pale aliposema salon palikuwa na salon. Palikuwa hata na choo, palepale alipomsimamisha Kanyamibwa.

Na mlangoni pa nyumba ya fromaji aliketi bibi mwembamba na kikombe cha chai, Astrid akiwa pembeni yake.

Ngabo alipiga magoti. "Mama Niyonsenga!"

Evode akajificha nyuma ya Gaju.

"Wewe njo uliuza kilima yangu?" aliuliza bibi.

"Mama, mimi... niliionyesha tu."

"Uliionyesha vizuri." Alinywa chai kidogo. "Nilizalia batoto sita hapa na sikujua kama iko nzuri hivi. Astrid alikuya kwangu Goma mbele ya ile Jumapili, akaniambia yote. Nilitaka kuleta polisi. Yeye akaniuliza kama sikumbuki harufu ya fromaji." Macho yake yalikwenda kwa Gaju, yakakaa huko, yakalowana. "Sasa sikia. Batu babakie. Mukubwa wa kijiji amekunywa pombe yake, amekubali. Wewe, maziwa ya ng'ombe zako zitaingia hapa, tutatengeneza fromaji, na hiyo njo itakuwa bei ya zile parcelle ulizokula."

"Lakini sikukula, Mama! Sikupata hata franga moja!"

"Ulipata ng'ombe. Ni zako, hakuna mutu atakunyang'anya."

"Basi naweza... kuuza moja?"

Nyundo zilinyamaza. Kanyamibwa alishusha ubao. Watoto wakatazama. Gaju naye akageuza kichwa.

"Nilikuwa nauliza tu," alisema Evode.

Nyundo zilipoanza tena, alimvuta Astrid kando. "Ile siku ya sukari. Ni wewe ulimuambia Joséphine-Marie?"

"Nilimuambia tu kama wewe haupendi franga."

"Mimi? Sipendi franga?" Sauti ilimpasuka. "Astrid, juu ya nini ng'ombe?"

Alifuta mikono kwenye kitenge chake. "Franga zako ningezifuata wapi? Ng'ombe inatembea polepole, Evode. Na kila asubuhi inataka mutu wa kuikamua." Kisha, kwa sauti ndogo, bila kumtazama: "Uliniahidi parcelle yenye maua. Niliogopa utasahau."

Evode alikuwa na jibu. Alikuwa na majibu daima. Lakini nyuma ya Astrid, kwenye mteremko, Mamy alikuwa anateremka amelala, akibingirika kama mtungi, bila kitambaa mguuni. Alifika chini, akakaa, akatafuta kitu cha kumzuia asirudi juu. Hakukiona. Akapanda mbio.

"Maua ya rangi gani?" aliuliza Evode.

"Njano."

"Basi ile ya kona," alisema, kwa ukali wa mtu aliyeshindwa. "Jua la asubuhi linafika."

Siku hizi analala nyumba ya nyuma, karibu na zizi. Viatu vyake vilivyokuwa vyeupe vinaning'inia ukutani. Mamy amepanda kitunguu ndani ya kimoja. Evode anakamua vibaya, Ngabo anasema, lakini ng'ombe wanamvumilia kwa sababu anawabembeleza vizuri, na fromaji inayotoka kilimani hapo ina utamu kidogo wa maneno.

Asubuhi ya kwanza ya kulala pale alitoka na ndoo ya kukamulia, akitaka kupita kimya. Papa Albert alikuwa amesimama nje. Kanyamibwa pia, na Astrid na ndoo yake.

"Evode, ulilala vizuri?"

"Vizuri," alisema akiendelea kutembea.

Hakuna aliyeondoka. Walikuwa wanangojea jibu.

Evode alisimama, akaweka ndoo chini, akatafuta uongo wa kuwapa. Akafikiri juu ya usiku uliopita, majani, pumzi za ng'ombe, bati lisilotikiswa na pikipiki hata moja.

"Nimelala vizuri sana," alisema, akashtuka kwa kuwa ilikuwa kweli.

"Mungu asifiwe," alisema Papa Albert, akavuta pumzi ili aanzie kwenye uumbaji. Lakini hakufika mbali, kwa sababu nyuma ya nyumba Mukandayisenga alikuwa ameanza kuhesabu kuku zake kwa sauti, na alikuwa amefika kwenye moja ambayo haikuitika.